Mzazi yuko hospisi Marekani: namna ya kumuhamisha jimbo moja kwenda lingine bila kumuacha usiku hata mmoja bila dawa

Simu inaingia saa nane za usiku hapa Bukavu. Kule Louisville, jimbo la Kentucky, ni saa mbili za jioni, watu wanatoka kazini. Anayepiga ni mtoto wa nyumbani: « Yaya, mama anaelemewa. Munganga amesema haiko tena dawa ya kumuponyesha, wamemuweka ku hospisi. Dada anaomba tumupeleke kwake Iowa. Ninyi wakubwa munasema nini? »

Mfano huu tumeutunga kwa kueleza, lakini jamaa nyingi za Uvira, Fizi, Goma, Beni na Kalemie zitajitambua ndani yake. Tangu miaka ya 2010, maelfu ya Wakongomani waliokuwa katika kambi za Gihembe kule Rwanda, Nyarugusu kule Tanzania, Nakivale na Kyangwali kule Uganda walipokelewa Marekani. Mara nyingi watu wa jamaa moja walitawanyika: mmoja Texas, mwingine Kentucky, mwingine Iowa, Ohio ao Arizona. Sasa wazazi waliofika pamoja nao wamezeeka, na wengine wanafikia mwisho wa safari. Watoto wanataka kuwakusanya mahali pamoja.

Huku nyumbani wakubwa wanaombwa shauri. Na shauri zuri linaomba kujua mambo yanavyokwenda kule. Kwa sababu kumuhamisha mgonjwa wa hospisi toka Kentucky kwenda Iowa si kama kumtoa muzee Bukavu kumpeleka Goma, ambako unakodi mashua ama gari na jamaa inapokea. Kule kuna mlango wa kufunga na mlango wa kufungua. Ukifunga wa kwanza kabla ya wa pili kufunguka, mzazi anabaki nje, na maumivu yake.

Hospisi ni kitu gani?

Wengi wakisikia neno hospisi wanafikiri ni nyumba ama hospitali. Marekani, hospisi ni kwanza kundi la watu: munganga, muuguzi, msaidizi wa kuogesha mgonjwa, asistanti sosiali, na mtu wa dini kama familia inamtaka. Kwa kawaida wanakuja nyumbani kwa mgonjwa. Kazi yao si kuponyesha ugonjwa. Kazi yao ni kuzuia maumivu, kusaidia kupumua, kutuliza kichefuchefu, kuondoa woga, na kusimama karibu na familia hata baada ya kifo.

Njia hii ya kutunza ilipata sura yake ya leo London mwaka 1967, wakati munganga Cicely Saunders alipofungua St Christopher's. Marekani iliifuata katika miaka ya 1970, na mwaka 1982 sheria ilikubali kwamba Medicare, bima ya serikali kuu kwa wazee, ilipe hospisi.

Kwa kuingia, waganga wawili wanashuhudia kwamba, ugonjwa ukifuata njia yake ya kawaida, mgonjwa ana miezi 6 ao chini yake ya kuishi. Hiyo si tarehe ya kifo. Akipita miezi 6 na bado ni mgonjwa vilevile, anaendelea kutunzwa. Medicare inahesabu kipindi cha kwanza cha siku 90, cha pili cha siku 90, kisha vipindi vya siku 60 bila mwisho, ilimradi munganga aendelee kushuhudia. Kuanzia kipindi cha tatu, munganga ama muuguzi mwenye cheo cha juu lazima amuone mgonjwa uso kwa uso kabla ya kipindi kipya kuanza.

Jambo moja linawashangaza watu wetu: muuguzi hakai nyumbani. Anapita siku fulani za juma, na usiku kuna simu inayojibiwa saa 24. Kumgeuza mgonjwa kitandani, kumlisha, kumsafisha, kumpa dawa saa saba za usiku, hiyo ni kazi ya watoto. Kwa hiyo swali « apelekwe kwa nani? » ni swali la mikono, si la mapendo tu. Kama kijana wa Louisville anafanya kazi za usiku na mama anabaki peke yake, na dada wa Iowa ana watu watatu wazima nyumbani, kuhama kunaweza kuwa na maana.

Anayehama ni mgonjwa, hospisi haihami

Hili ndilo jambo la kushika kuliko yote. Hospisi ya Louisville ina eneo lake la kazi. Muuguzi wake hawezi kumfuata mama mpaka Des Moines, zaidi ya kilomita 900. Munganga wake wa Kentucky hana kibali cha kutibu Iowa. Kitanda, mashini ya oksijeni na kiti cha magurudumu ni mali ya hospisi ama ya kampuni inayoikodishia, na vitarudishwa. Kwa hiyo kila kitu kinamalizika upande mmoja na kuanza upya upande mwingine.

Kosa ambalo familia zinafanya ni kumpakia mgonjwa kwanza kisha kutafuta hospisi wakifika. Wanafika Ijumaa jioni. Ofisi zimefungwa. Hospisi ya zamani imekwisha kumtoa katika orodha yake, hospisi mpya haijamjua. Chupa ya morfini inaisha Jumamosi. Jumapili wanamkimbiza kwenye chumba cha dharura cha hospitali, ambako hakuna anayemjua, na wanaanza kumchoma sindano na kumpima vipimo ambavyo yeye mwenyewe alikuwa amekataa.

Njia sahihi inaanza na kusema ukweli kwa hospisi ya sasa: « Tunataka kuhama. » Hawatakasirika, wamezoea. Asistanti sosiali wao ndiye anayepiga simu kwa hospisi za jimbo linalopokea na kutuma dosie ya mgonjwa: ugonjwa, dawa na vipimo vyake, ushuhuda wa waganga, na karatasi za matakwa yake. Hospisi mpya inakubali, inaweka tarehe, inatuma kitanda. Ndipo familia inanunua tiketi.

Kuhamia hospisi nyingine si kujitoa

Kuna maneno mawili ya kutofautisha, kwa sababu karatasi zake zinafanana na matokeo yake hayafanani.

La kwanza ni kubadilisha hospisi. Medicare inaruhusu mgonjwa kubadilisha mara moja katika kila kipindi. Mgonjwa, ama mtu anayemsemea kisheria, anatia sahihi karatasi yenye jina la hospisi anayoacha, jina la hospisi anayoingia, na tarehe ya kubadilisha. Nakala moja inabaki kwa wa zamani, nyingine kwa wapya. Kipindi chake kinaendelea, hakikatiki.

La pili ni kujitoa kabisa. Mgonjwa anasema hataki tena hospisi, anarudi kwenye matibabu ya kawaida. Ana haki ya kufanya hivyo siku yoyote, na ana haki ya kurudi baadaye. Lakini siku zilizobaki za kipindi hicho zinapotea, na tangu saa hiyo hakuna tena hospisi yenye wajibu wa kumletea dawa. Kama lengo ni kuhama tu, mtu asitie sahihi karatasi ya kujitoa bila kuuliza.

Na hizi tarehe mbili, ya kutoka na ya kuingia, zifuatane bila siku tupu katikati. Siku tupu inaweza kulazimisha kuanza upya maandishi yote. Zaidi ya hayo, siku tupu ni siku ambayo hakuna wa kumpigia simu.

Kama ni matembezi tu, kwa mfano mama anataka kuona mjukuu aliyezaliwa Iowa kisha arudi Kentucky, hakuna haja ya kubadilisha. Hospisi yake inaweza kupatana na hospisi ya kule imsaidie kwa siku hizo, na yenyewe ikabaki na jukumu.

Nani analipa: Medicare na Medicaid si kitu kimoja

Majina yanafanana na yanachanganya hata waliozaliwa Marekani.

Medicare ni ya serikali kuu. Inafanya kazi namna moja katika majimbo yote 50. Mzee mwenye Medicare sehemu A akihama Kentucky kwenda Iowa, haki yake ya hospisi inaenda naye. Hata kama anapitia kampuni binafsi yenye mpango wa Medicare, hospisi yenyewe inalipwa na Medicare ya serikali. Lakini mipango hiyo ya kampuni mara nyingi ina eneo lake, kwa hiyo kwa magonjwa mengine, kama macho ama meno, atahitaji mpango mpya.

Medicaid ni ya watu wenye kipato kidogo, na kila jimbo linaendesha yake. Medicaid ya Kentucky haihamii Iowa. Inafungwa, na mgonjwa anaomba upya kule. Wazee wengi waliofika kama wakimbizi wako hapa, kwa sababu hawakufanya kazi Marekani miaka ya kutosha kwa kupata Medicare sehemu A bila kulipa.

Habari njema ni kwamba jimbo halina haki ya kusema « kaa kwanza miezi kadhaa ndipo tukupokee ». Mtu anahesabiwa mkaaji tangu anapoishi pale na nia ya kubaki. Habari ngumu ni muda: kwa kawaida sheria inawapa ofisi mpaka siku 45 kujibu ombi, na mpaka siku 90 kama ombi linategemea ulemavu. Mgonjwa wa hospisi anaweza kukosa siku hizo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa hospisi ya Iowa ni hili: « Mutampokea mama wakati ombi lake la Medicaid bado linangoja? » Kuna hospisi zinazokubali, na nyingine, hasa zile zisizotafuta faida, zina mfuko wa kusaidia wasio na bima. Jibu lipatikane kabla ya safari, na jina la aliyejibu liandikwe.

Kwa wasio na green card bado, kuna la kuongeza. Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 ilipunguza haki za wakimbizi na wahamiaji wengi katika Medicare na Medicaid, na vipande vyake vinaanza kutumika kwa tarehe tofauti. Mtu asijenge safari juu ya maneno ya jirani aliyehama mwaka 2019. Amuulize asistanti sosiali kuhusu karatasi zake mwenyewe.

Mwisho, jamaa zijue ambacho hakilipwi. Kwa kawaida tiketi ya ndege, petroli ama ambulansi ya kutoka jimbo moja kwenda lingine kwa kutaka kwa familia ni juu ya familia. Na kama mgonjwa anawekwa katika nyumba ya wazee, hospisi ya Medicare inalipa matunzo yake ya hospisi, hailipi chumba na chakula. Hapo ndipo mchango unaotumwa toka huku, ama unaokusanywa na jamaa za kule, unasaidia kweli.

Dawa za njiani

Hospisi inayoachwa inaombwa itoe dawa za kutosha safari yote na siku chache zaidi, kwa sababu gari linaweza kuharibika na ndege inaweza kuchelewa. Dawa zibaki katika chupa zake zenye jina la mgonjwa na jina la dawa. Morfini na zinazofanana nayo zinafuatiliwa sana na polisi. Kuzimwaga katika kifuko cha plastiki ni kutafuta matatizo. Munganga aandike barua fupi yenye orodha ya dawa.

Katika ndege, dawa zikae katika mfuko wa mkononi, kamwe si katika valizi inayowekwa chini. Dawa ya maji inaruhusiwa hata ikipita mililita 100, lakini inaonyeshwa kwa walinzi kabla ya kupita mashini.

Hapa tuseme neno juu ya morfini, kwa kuwa hofu yake inafika mpaka huku. Wengine wanasema « wanamupa morfini ili afe mbio ». Morfini ya kunywa, inayopimwa na munganga na kuongezwa polepole, inaondoa maumivu, na iko katika orodha ya Shirika la Afya Ulimwenguni ya dawa za lazima. Jirani zetu Uganda wanaitumia tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Hatari kubwa ya safari ni kukata morfini ghafla: maumivu yanarudi kwa nguvu, mwili unatetemeka na kutoka jasho. Mkubwa wa familia anayesema toka Uvira « muache hiyo dawa » anamuumiza mzazi wake bila kujua.

Gari ama ndege?

Louisville mpaka Des Moines ni karibu saa 9 kwa gari, bila kusimama. Kwa anayeweza kukaa, gari lina faida: unasimama unapotaka, unamlaza nyuma, unabeba oksijeni. Kwa asiyeweza kukaa kabisa, kuna ambulansi za kukodi za mwendo mrefu, lakini bei yake ni nzito, na bei iulizwe kwa maandishi.

Ndege ni fupi lakini ina masharti. Chupa ya oksijeni ya mgonjwa mwenyewe hairuhusiwi ndani. Kinachoruhusiwa ni mashini ndogo inayovuta oksijeni toka hewani, ya aina iliyokubaliwa na wakuu wa usafiri wa anga. Kampuni ya ndege inataka kujulishwa mapema, mara nyingi saa 48 mbele, na inaweza kudai betri za kutosha muda wa safari mara moja na nusu. Kampuni inaweza pia kudai barua ya munganga inayosema mgonjwa anaweza kusafiri. Kiti cha magurudumu cha uwanjani kinaombwa siku ya kununua tiketi, na hakilipiwi.

Na kama anaaga njiani? Swali ni gumu lakini liulizwe kabla. Kifo kikitokea barabarani, mambo yanaingia mikononi mwa wakuu wa mahali hapo, sio ya Kentucky wala Iowa. Kwa hiyo dosie ya hospisi, namba za simu za hospisi zote mbili na karatasi za matakwa ya mgonjwa zisafiri ndani ya gari, mahali pa kufikika.

Karatasi zinazosema badala ya mgonjwa

Kuna karatasi mbili, na kila moja inabadilika kulingana na jimbo.

Karatasi ya kwanza ni ya kumtaja mtu atakayeamua kama mgonjwa hawezi tena kusema. Majimbo mengi yanaheshimu karatasi iliyoandikwa jimbo lingine, lakini ni salama kuandika mpya mara tu mnapofika, wakati mzazi bado anaweza kutia sahihi. Bila karatasi hiyo, sheria ya jimbo inachagua: kwa kawaida mume ao mke kwanza, kisha watoto wazima. Baba mudogo, mujomba, shangazi, ama mtoto wa ndugu aliyelelewa kama mtoto wa tumbo, hawako mbele katika orodha hiyo, hata kama kwa mila yetu ndio wenye neno. Na yaya aliye Uvira, hata akiwa mtoto wa kwanza, atakuwa mbali. Kama mama anamtaka binti yake wa Iowa amsemee, aandike.

Karatasi ya pili inatiwa sahihi na munganga na inaeleza kama mgonjwa anataka kufufuliwa moyo ukisimama, kuwekwa mashini ya kupumua, ama kupelekwa hospitali. Kentucky wanaiita MOST, Iowa wanaiita IPOST, New York MOLST. Watu wa ambulansi wa Iowa wanaweza wasitambue karatasi ya Kentucky. Wakikosa karatasi wanayoitambua, kazi yao ni kubonyeza kifua cha mgonjwa, hata kama mbavu zinavunjika. Kwa hiyo hospisi mpya iombwe kuandika karatasi ya jimbo lake siku ya kwanza, na iwekwe mahali panapoonekana, watu wengi wanaibandika ku frigo.

Hapo hapo watu wa nyumba wakumbushwe: usiku hali ikibadilika, piga kwanza namba ya hospisi, sio 911.

Lugha nayo ina haki yake. Hospisi inayolipwa na pesa za serikali inapaswa kuleta mkalimani bila malipo. Sema wazi ni Kiswahili cha Kongo, ama Kinyamulenge, Kibembe, Mashi ao Kinande, kwa sababu mkalimani aliyezoea Kiswahili cha pwani anaweza kupitwa na maneno ya muzee wa Fizi. Mtoto wa miaka 12 asiwekwe kutafsiri habari ya kifo cha nyanya yake.

Nyumba inayopokea

Dada wa Iowa ajibu maswali haya bila haya. Nyumba iko chini ama ku etaji ya tatu bila lifti? Kitanda cha hospitali kitapita mlangoni? Nani anabaki mchana, nani anaamka usiku? Mkataba wa kupanga nyumba unaruhusu mtu wa kuongezeka? Mikataba mingi inaweka mpaka wa siku za mgeni, na mwenye nyumba aulizwe kwa maandishi.

Sheria ya mwaka 1993 inawapa wafanyakazi majuma 12 ya kutunza mzazi mgonjwa bila kupoteza kazi. Lakini ni bila mshahara, na inahusu mwajiri mwenye wafanyakazi 50 ama zaidi, na mtu aliyefanya kazi pale mwaka mmoja na saa 1,250 katika mwaka huo. Anayefanya kazi ya kiwanda cha nyama ama ghala kubwa aulize ofisi ya wafanyakazi kabla ya kuacha kazi.

Hospisi inaweza pia kumpokea mgonjwa mahali pengine mpaka siku 5 mfululizo, ili anayemtunza apumzike. Watu wetu wanaona aibu kuomba. Waombe.

Wakati kuhama kumechelewa

Muuguzi akisema mzazi analala karibu siku nzima, hamezi tena, pumzi inakatika na kurudi, miguu imekuwa baridi, maana yake ni siku, labda saa. Hapo kumuweka barabarani saa 9 ni kumuibia siku hizo. Ni heri dada apande gari usiku huo aende Louisville kuliko mama kuletwa Iowa. Pesa za ambulansi ziwe za tiketi za watoto. Na wale wasioweza kufika, wapigiwe simu yenye picha: wagonjwa wengi wanaendelea kusikia hata wakiwa wamefunga macho.

Kuna pia wanaosema: « Mumurudishe Kongo, afie kwao. » Ni neno la moyo, na wazazi wengine wanalitamani wenyewe. Lakini Medicare kwa kawaida hailipi nje ya Marekani. Hospisi inamalizika ku uwanja wa ndege. Morfini ya kunywa ni ngumu kupata katika vituo vingi vya afya vya huku, na kuivusha mipaka kunahitaji vibali. Na aliyepokelewa kama mkimbizi ana maswali ya karatasi za kusafiri. Familia inayochagua njia hiyo ichague mapema, wakati mzazi bado anatembea, na munganga wa huku awe amekwisha kukubali kumpokea kwa jina.

Mpango wa siku, kwa ufupi

1. Mzazi aulizwe mwenyewe, peke yake ikiwezekana: « Unapenda kwenda? »
2. Hospisi ya sasa iambiwe, na muuguzi aseme kama mwili wake unaweza kubeba safari.
3. Hospisi mpya ipatikane, ikubali kwa jina na kwa tarehe, na ijibu swali la malipo.
4. Kitanda, oksijeni na dawa za kwanza zifike katika nyumba mpya kabla ya mgonjwa.
5. Karatasi ya kubadilisha itiwe sahihi, tarehe mbili zifuatane.
6. Safari iwe mwanzo wa juma, ili afike wakati ofisi ziko wazi. Jumanne ni nzuri kuliko Ijumaa.
7. Muuguzi mpya amuone siku ile ile ya kufika, ama kesho yake asubuhi.
8. Ombi la Medicaid na karatasi mpya za matakwa zianzishwe juma hilo hilo.

Turudi kwa simu ya saa nane za usiku. Yaya wa Bukavu hana haja ya kujua sheria zote za Iowa. Anaweza kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa neno lake: Mama mwenyewe amesema nini? Hospisi ya kule imekubali kumpokea siku gani? Dawa za njiani ziko mikononi mwa nani? Kama majibu yote matatu yapo, aseme « muende na amani ». Kama moja linakosekana, aseme « mungoje kwanza », na neno hilo linaweza kuwa ndilo msaada mkubwa kuliko pesa yoyote ambayo angetuma.